Kabla Sururu Haijagusa Mwamba

Mwalimu alinikunjulia mchoro juu ya meza ya barazani kwake, Galu, akaukandamiza pembe nne kwa vikombe vya kahawa ili upepo usiuchukue. Ulikuwa mchoro mzuri. Mwanawe aliye Ujerumani ndiye aliyeulipia, na katikati ya kiwanja mchoraji alikuwa ametia bwawa la kuogelea lenye umbo la figo, urefu mita 12, upana mita 6, limezungukwa na nyasi pande zote. Pale lilipokaa bwawa kwenye karatasi, uani kwa Mwalimu umesimama mkwaju mkongwe ambao watu wawili hawawezi kuukumbatia. Nikamwuliza mti umekwenda wapi. Akautazama mti, akarudi kwenye mchoro, akanyamaza kidogo.

"Labda hakuuona," akasema. "Alitumiwa picha na vipimo. Mwenyewe hakuja."

Sura hii naiandika kwa ajili ya jibu lile. Kutoka Tiwi hadi Msambweni nimeona mabwawa mengi yaliyochorwa na watu wasiowahi kukanyaga kiwanja: bwawa lililokaa chini ya mivinje na kila asubuhi linaamka limevaa blanketi la sindano zake, bwawa lililopasuka kwa sababu chini yake mlikuwa na uwazi, bwawa linalokunywa kisima cha nyumba mpaka maji ya jikoni yakawa na ladha ya bahari. Yote hayo yangeweza kuzuiwa kabla ya siku ya kwanza ya kuchimba. Mahali pa bwawa, huku kwetu, huamuliwa na vitu vilivyotangulia nyumba: mwamba, maji yaliyo ndani yake, pepo mbili za mwaka, na miti. Kazi ya mwenye nyumba ni kuviuliza mapema, tena kwa subira.

Umbo la figo lenyewe lina asili inayofaa kujulikana. Lilienea duniani kutoka bustani moja ya Sonoma, California, ambako mwaka 1948 mbunifu Thomas Church aliijengea familia ya Donnell bwawa lililofuata mapindo ya vijito vya maji ya chumvi vinavyoonekana bondeni kutoka juu ya kilima chao. Mialoni iliyokuwapo aliiacha, na sakafu ya mbao ikapangwa kuizunguka. Bwawa lile lilizaliwa na mahali pake. Walioiga walichukua umbo wakaacha sababu.

Nasi tuna mfano wetu, na ni wa kale zaidi. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa juu ya genge mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kuna bwawa la pembe nane ambalo bado linaonekana katika magofu. Hilo ni la mfalme. La watu wa kawaida ni birika. Katika nyumba za mawe za Lamu birika hukaa pembeni mwa choo, dogo, limepigwa chokaa mpaka likalainika kama ganda la yai, na maji hutekwa kwa kata. Ndani yake waliachiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, fundi alipachika bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Mimi hurudi kwenye bakuli lile kila ninapopanga bwawa. Fundi aliyelitia alikwisha kufikiria siku ya ukame, siku ya kusafisha, na mbu, kabla hajamimina tone la kwanza. Na birika lake lilikuwa na mambo matatu ambayo ndiyo ninayomshauri kila anayetaka bwawa Diani: maji machache, kivuli, na ukuta.

Tuanze na mwamba, kwa sababu ndio utakaokula fedha zako. Diani, Galu na Kinondo zimekaa juu ya matumbawe ya kale, miamba iliyokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo. Ukipanda kuelekea Ukunda na vilima vya Shimba mwamba unapisha mchanga, na Msambweni utakuta vyote viwili kwa kuachana hatua chache. Matumbawe ni jiwe jema: unalikata kwa msumeno wa machimbo, unajengea nyumba, halishiki joto sana. Lakini si jiwe moja. Limejaa mifereji, vyumba na mapango ambayo maji ya mvua yamekuwa yakiyala kwa maelfu ya miaka. Shimoni, kule karibu na mwisho wa pwani yetu, imepewa jina na pango lake.

Kwa hiyo, kwa Mwalimu, kabla ya kumwita mhandisi nilimwita mzee mmoja wa Kidigo ambaye amechimba visima tangu ujana wake. Alikuja na mtaimbo begani. Tulikuwa tumetandaza kamba pale tulipodhani bwawa litakaa, naye akaifuata kamba hatua kwa hatua, akiuinua mtaimbo na kuuachia udondoke kwa uzito wake. Ti. Ti. Ti. Halafu mlio ukabadilika.

"Sikia, mwanangu," akasema. "Panalia kama mtungi."

"Ni pakubwa, mzee?"

"Sijui ukubwa. Najua pana tupu."

Tulivunja kidogo pale, tukaingiza fimbo, ikazama hadi mkononi. Tukahamisha kamba mita tatu kuelekea magharibi, ambako mwamba ulijibu sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Fikiria uzito. Bwawa tuliloishia kulijenga linabeba maji ya mita za ujazo 36, yaani tani 36, bila kuhesabu zege na chuma. Ukiweka mzigo huo juu ya dari la pango, dari litasubiri miaka miwili au mitano, kisha siku moja utaona ufa wa unywele kwenye vigae. Fundi ataziba, na utarudi. Mhandisi alipokuja alifanya vipimo vyake vya vitobo na kukubaliana na mzee, na simaanishi kwamba mtaimbo unatosha peke yake. Namaanisha uanze nao, kwa sababu unagharimu asubuhi moja.

Uchimbaji nao una adabu yake. Juu ya matumbawe udongo ni mchache, mahali pengine kina cha kiganja tu, mwekundu au mweusi, nao ndio utajiri wote wa bustani. Vibarua wakiachwa wataufukia chini ya kifusi siku ya kwanza. Sisi tuliukwangua kwanza, tukaurundika chini ya turubai upande wa pili wa nyumba, ndipo sururu na mashine ya kuvunjia mawe zikaingia. Mawe yaliyotoka hayakwenda popote: makubwa yakawa ukuta, madogo yakawa kingo za vitalu, na vumbi lake likashindiliwa kuwa njia ya miguu. Kila shimo la mti lilivunjwa kwenye mwamba kina cha mita moja, likajazwa ule udongo uliohifadhiwa pamoja na samadi. Mti uliopandwa juu ya matumbawe bila shimo la namna hii hudumaa, hata ukiumwagilia kila siku.

Jambo moja la ujenzi nitalitaja na kulipita: mchanga wa ufuoni usiingie kwenye zege la bwawa, hata ukiambiwa umeoshwa. Chumvi yake hula chuma kimyakimya.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana wengi huuliza bei ya vigae na hawaulizi maji yatatoka wapi.

Chini ya Diani maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mvua inayopenya kwenye matumbawe ni nyepesi kuliko maji ya bahari yanayopenya kutoka upande wa pili, kwa hiyo inakaa juu, tabaka jembamba karibu na ufuo na nene kadiri unavyoingia bara. Visima vilivyo karibu na bahari hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa. Mwenye kisima cha namna hiyo anajua bamvua limeingia hata kabla hajaenda pwani. Wataalamu wa maji ya ardhini hukadiria kwamba kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na sentimita 40 zilizo chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wa kutisha: ukipampu bila kupumzika mpaka maji ya kisimani yashuke sentimita 10, chumvi inaweza kupanda mita 4 kutoka chini. Na tabaka lile si la mtu mmoja. Ukilivuta wewe, jirani naye anaonja chumvi.

Tukapiga hesabu na Mwalimu kwenye ukingo wa ule mchoro. Bwawa la figo lilikuwa na uso wa mita za mraba kama 60 na kina cha wastani cha mita moja na nusu: lita 90,000. Boza la maji la lita 10,000 lingekuja mara tisa. Halafu jua. Tukikadiria kwamba bwawa lililo wazi linapoteza milimita 5 kwa siku, na siku za kaskazi huzidi, uso wa mita 60 unapoteza lita 300 kila siku. Kwa mwezi ni lita 9,000, karibu boza zima, linalokwenda hewani bila mtu kuoga. Mwalimu alifundisha hesabu miaka mingi, hakuhitaji nimalizie. Alisema tu kwamba kwao Kinango mama yake alikuwa akitoka alfajiri na mtungi, akirudi jua limechomoza juu, kwa maji ya siku moja. Akachukua kalamu akakata figo kwa mstari mmoja.

Tukafikia mita 8 kwa 3.5, kina cha wastani mita 1.3. Lita 36,000 na ushei, maboza manne. Uso wake wa mita za mraba 28 unapoteza lita 140 kwa siku kwa hesabu ileile, na chini ya kivuli unapoteza pungufu ya hapo. Mtu mzima anaogelea vizuri katika mita 8. Watoto wanacheza. Bwawa la mita 12 hukaa tupu la watu sehemu kubwa ya mwaka, na jua halijali kama kuna mtu ndani au hakuna.

Paa la nyumba ya Mwalimu ni la mabati, mita za mraba 150. Milimita 100 za mvua zikilinyeshea zinatoa lita 15,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Tukaweka mifereji na tangi, na masika huwa yanamlipia sehemu kubwa ya maji ya kujazia. Wenye mapaa ya makuti wana uzuri na ubaridi, lakini maji yake hutoka rangi ya chai na hayafai bwawani bila kazi nyingi. Basi wavune kwenye paa la gereji au la jiko.

Maji ya visima vya huku ni magumu, yamebeba chokaa ya mwamba wenyewe. Ukiyatumia bwawani kipimo cha pH hupanda, na chokaa hujishikiza kwenye vigae na mabomba kama koga ya birika la chai. Hilo linatibika kwa asidi, kwa kipimo na kwa mkono wa anayejua. Lisilotibika kwa urahisi ni maji machafu: sehemu kubwa ya Diani hutumia matangi ya choo na mashimo ya kunyonya, na mwamba wenye mifereji hauchuji. Pima maji ya kisima chako maabara kabla ya kuyatia bwawani. Na maji unayoyatoa bwawani wakati wa kuosha chujio usiyaelekeze kisimani wala shimoni karibu nacho. Yaache kwenye shimo la pembeni siku kadhaa klorini ipungue, kisha yapeleke kwenye minazi. Mnazi hauogopi chumvi kidogo.

Kuna kosa moja linalofanywa na watu waangalifu, wale wanaopenda usafi. Wanalimwaga bwawa lote kulisugua, katikati ya masika. Ardhi imeshiba, maji yamepanda ndani ya mwamba, na bwawa tupu ni mashua: linataka kuelea. Linainuka upande mmoja, mabomba yanakatika, na halirudi lilipokuwa. Mwambie fundi atie tangu mwanzo valvu ya sakafuni inayoruhusu maji ya ardhini kuingia badala ya kusukuma. Na ukilazimika kumwaga, mwaga Januari au Februari, kaskazi ikivuma, na ungoje siku za maji mafu, si za bamvua.

Upepo umetupa wepesi ambao wageni hawautambui. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba kusi inavuma kutoka kusini mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Pepo mbili, misimu miwili, lakini zote zinatoka upande wa bahari, na bahari yetu iko mashariki. Maana yake ni kwamba mwaka mzima majani yanayoelea bwawani husukumwa kuelekea magharibi, mara pembe ya kaskazini, mara pembe ya kusini. Weka skima mbili, vile vinywa vya kunyonya uchafu ulio juu ya maji, kwenye ukuta wa magharibi, moja kila pembe, na upepo utakufagilia bure. Nimeona bwawa ambalo skima yake ilikuwa mashariki. Mtunza bustani alikuwa anapigana na upepo kwa wavu kila siku ya Mungu.

Jua nalo lina zamu zake. Tuko nyuzi 4 na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua la mchana huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini. Ukuta mmoja hauwezi kukupa kivuli cha adhuhuri mwaka mzima. Mti au banda la juu laweza. Kivuli cha alasiri ni rahisi zaidi. Saa kumi jua limekwisha kuinama magharibi, na nyumba yenye urefu wa mita 7 inatupa kivuli cha mita kama 10 upande wa mashariki. Bwawa likikaa mashariki ya nyumba, ndani ya mita hizo 10, watoto wakitoka shule wanaogelea kivulini na wewe hujanunua hata turubai. Saa nne asubuhi mambo yanageuka, na hapo ndipo mkwaju wa Mwalimu uliporudi kwenye mchoro.

Tuliliweka bwawa magharibi ya mkwaju, mita 8 kutoka shinani, upande wa nyumba. Asubuhi mti unalifunika, alasiri nyumba inalifunika, na katikati ya mchana kuna saa tatu za jua kamili, ambazo bwawa linazihitaji ili lisiote kijani. Sitaficha gharama yake: mkwaju hudondosha majani madogo kama punje za mchele, na yanaziba kikapu cha skima. Mwalimu alilijua hilo akalikubali. Mti wa miaka mia haulipiki kwa fedha ya kikapu.

Lakini mti mpya unaoupanda mwenyewe uchague kwa busara. Mvinje weka mbali kabisa na maji. Mwarobaini vilevile, maua yake hunyesha, na mbegu zake huota kila ufa. Mkungu hutupa majani makubwa yanayookoteka kwa mkono, jambo zuri, ila matunda yake hutia doa. Mnazi una mizizi myembamba isiyovunja ukuta, ila upande mahali ambapo nazi ikianguka haitamkuta mtu. Mlangilangi ninaupenda upande wa mashariki, ili upepo wa jioni uilete harufu yake barazani, na asumini chini yake. Bogenvila ina miiba, na watu wa bwawani wako pekupeku. Nyasi ni ukoka. Unavumilia chumvi na kukanyagwa. Pembezoni mwa maji tandika mawe ya Mazeras, yenye uso mkavu usioteleza, na uchague ya rangi nyepesi, maana meusi saa saba mchana hayakanyagiki.

Na kuna mwenye njia ambaye hakuulizwa. Diani ina mbega, yule mweusi mwenye mabega meupe, ambaye huishi juu ya miti na kushuka kwa shida. Anapita kutoka mti hadi mti, na akikuta pengo hushuka barabarani kwenye magari au hushika nyaya za umeme. Colobus Conservation, iliyoanzishwa Diani mwaka 1997, imefunga madaraja ya ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni kwa ajili hiyo. Ukikata miti mitatu katikati ya kiwanja ili bwawa lipate jua, umekata barabara ya mbega. Kabla ya kukata, simama asubuhi mbili tatu uone wanapita wapi, uache matawi yao yagusane. Nyaya za pampu zipite ardhini ndani ya bomba. Nyani, kima na tumbili ni habari nyingine. Watakuja kunywa, na chakula kikiachwa mezani kando ya bwawa wataleta ukoo mzima.

Banda la kupumzikia tulilijenga kwa nguzo za mvinje, zinazolimwa na wakulima wa Kwale, wala si kwa boriti za mikoko. Gazi, mwendo mfupi kusini mwetu, wanakijiji wamekuwa wakiitunza mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, na ingekuwa aibu kuwakatia mlinzi wa pwani ili sisi tupate pa kutundikia taulo.

Siku hizi watu huniuliza kuhusu bwawa la asili, lile lisilo na klorini, ambalo mimea na kokoto ndizo zinazosafisha maji. Lilianzia Austria miaka ya 1980 na ni zuri ajabu. Huku kwetu ninasita, na sababu yangu iko Msambweni. Vijiji vya huko vina historia ndefu ya kichocho cha mkojo, na wanaokibeba ni konokono wadogo wa madimbwini wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani bwawa la asili lenyewe. Konokono peke yake hana ugonjwa mpaka maji yaingiwe na mkojo wa mwenye vimelea, lakini bwawa la nyumbani lina watoto, wageni na vibarua, na siwezi kumhakikishia mtu. Ua la yungiyungi lipande kwenye chombo chake pembeni, usioge humo.

Mbu nao hawasamehe. Kule Malindi watafiti walikuta mabwawa ya kuogelea yaliyotelekezwa ni miongoni mwa mazalio ya mbu mjini. Nyumba nyingi za Diani hufungwa miezi ya masika, mwenyewe yuko Nairobi au Ulaya, pampu imezimwa kuokoa umeme, na maji yanageuka kijani. Ukijua utasafiri, panga mtu wa kuiendesha pampu, au lifunike bwawa barabara. Jirani yako ana watoto wachanga.

Watoto ndio sababu ya ukuta. Australia sheria inadai uzio usiopungua mita 1.2 na mlango unaojifunga wenyewe, na mimi siwezi kujenga pungufu ya hapo hata nikiambiwa familia haina mtoto. Wajukuu huja likizo. Mtoto wa jirani hufuata mpira. Mtoto anayezama hapigi kelele. Ukuta wa Mwalimu ni yale matumbawe yaliyotoka shimoni, mita moja na nusu, wenye matundu ya hewa kama ya nyumba za zamani, ili aliye jikoni aone maji.

Karatasi nazo zifuatwe mapema: kibali cha ujenzi cha kaunti, uliza NEMA, mamlaka ya mazingira, kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira, na ukitaka kuchimba kisima nenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwenye kiwanja kinachotazama bahari ana moja zaidi. Kasa hupanda Diani kutaga, na vifaranga wake wakitoka mchangani usiku hufuata mwanga, wakidhani ni bahari. Taa za bwawa zitazame chini, zifichwe upande wa ufuo, na zizimwe mkienda kulala.

Tulianza kuchimba Januari. Mwisho wa Machi maboza yalikuja, moja baada ya jingine, na mzee wa mtaimbo alikuja kutazama, akaketi chini ya mkwaju hadi la nne lilipoondoka. Kulikuwa na jaribio moja lililobaki. Nilijaza ndoo maji ya bwawa, nikaisimamisha juu ya ngazi ya kwanza ndani ya maji, nikaitia jiwe isielee, nikahakikisha maji ya ndani na ya nje yako sawa. Nikapiga alama ya penseli ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa. Pampu tukaizima. Jua na upepo vinakula ndoo na bwawa kwa kiasi kilekile. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, kuna mahali linavuja.

Kesho yake saa ileile tulirudi sote watatu. Mwalimu alivua viatu, akaingia hadi magotini na rula ya shule mkononi. Akapima ndoo. Akapima ukuta. Akapima tena.

"Milimita sita," akasema, "na sita."

Mzee akauchukua mtaimbo wake, akaniuliza kama gari la Ukunda limekwisha kupita.